Toa Viatu, Virusi Visiingie

Kabla ya kuuona uso wake, uliviona viatu. Viatu vya darasa zima, vimepangwa ukutani nje ya maabara ya kompyuta ya shule yetu hapa Likoni, ungedhani ndani kuna watu wanaswali. Mwalimu wa Kompyuta alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu, macho kwenye miguu yetu. "Toa viatu," alisema. Sisi watoto wa Pwani viatu tunavivua, hatuvitoi, lakini yeye alikuja kutoka bara na Kiswahili chake kilikuwa hivyo, kifupi na kikavu kama biskuti iliyosahaulika dukani. Ukimuuliza kwa nini tuvitoe, alikwambia vumbi huleta virusi.

Sasa amehamishwa, na nasikia wenzangu wameanza kumkumbuka kwa wema. Ati alikuwa mkali lakini alitupenda. Ati alijitolea. Watu wakihamishwa husafishwa haraka sana, wallahi, kuliko nguo ya Idi. Mimi nitamkumbuka kama alivyokuwa.

Siku yangu ya kwanza maabara, nikiwa kidato cha kwanza, nilidhani ile habari ya vumbi ni utani. Mimi utani ndio kazi yangu ya pili baada ya kula, kwa hiyo nikataka kuchangia. Nikanyoosha mkono nikauliza kwa heshima zote: je, mtu mwenye mafua akipiga chafya, kompyuta nayo itaumwa? Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alinitoa nje nikalinde viatu mpaka kengele ilie. Nikavilinda. Nilivibadilisha pia, cha kushoto cha huyu na cha kushoto cha yule, lakini hilo ni jambo jingine, na waliotoka wakichechemea walinisamehe zamani.

Tangu siku ile yeye alikuwa na msemo wake, na msemo ule ulikuwa na uso wangu. "Mdukuzi," alituambia, "ni mwanafunzi asiye na kazi." Alipolisema neno mdukuzi alinitazama mimi. Mdukuzi, kwa asiyejua, ni mtu anayevunja na kuingia kwenye kompyuta au tovuti ya watu. Mimi wakati huo nilikuwa sijui hata kuhifadhi faili.

Ulinzi wake ulikuwa wa chuma. Mlango wa maabara ulikuwa na kufuli juu, kufuli katikati, na kufuli chini, na funguo zote alizivaa shingoni kwenye kamba moja na flashi yake. Alipotembea alilia chwa-chwa-chwa kama mbuzi mwenye kengele, jambo lililotusaidia sana, maana tulimsikia kutoka mbali tukapata muda wa kuwa watoto wema. Kila kompyuta ilifunikwa leso kuukuu. Madirisha yalipigwa misumari. Joto la humo ndani, bwana, ungeweza kuchemsha mbaazi. Na katika jiko lile, miguu mitupu, tulikaa tukisikiliza jinsi ya kuilinda kompyuta dhidi yetu sisi.

Yeye mwenyewe alikula mahamri juu ya kibodi yake. Nilimwona mara nyingi. Makombo yaliingia katikati ya herufi, akaipindua kibodi, akaipiga kofi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, akaendelea. Vumbi la mtaa wetu wa Shika Adabu lilikuwa haramu, la mahamri halali.

Halafu kulikuwa na ile ya neno la siri. Tovuti ya shule ilikuwa na neno moja tu la kuingilia, na walimu wote waliohusika walilitumia hilo hilo: yeye, karani wa ofisi, na mwalimu wa michezo anayeweka picha za mpira. Alipoliandika mbele yetu aliifunika mikono yake kwa leso, mpaka viwiko, vidole vikachezacheza chini ya kitambaa kama panya kwenye gunia. Tuliambiwa tugeuze nyuso tutazame ukutani. Tukageuka. Kesho yake karani akapiga simu kwamba amelisahau, naye akamjibu kwa sauti ya kuhubiri, dirisha la chumba cha walimu likiwa wazi. "Jina la shule, herufi ndogo zote, halafu moja mbili tatu. Moja. Mbili. Tatu." Mama anayeuza viazi karai nje ya ua alilisikia. Paka wa jikoni alilisikia. Kwa hiyo baadaye, alipohitaji mwizi, alikuwa na shule nzima ya kuchagulia, ukiongeza na paka. Akanichagua mimi.

Lakini sijafika huko. Nataka kwanza niseme jambo lake zuri, ili nisije nikaambiwa nina chuki. Chuki ninayo, ila na haki pia ninayo.

Tovuti ile aliijenga yeye. Hakuandika kila kitu kutoka mwanzo. Alitumia mfumo wa bure unaotumiwa na watu wengi duniani, ule unaoingia ndani yake, unaandika habari kama unavyoandika ujumbe wa simu, unabonyeza, inatokea kwenye mtandao. Ukitaka kitu cha ziada, kalenda au picha zinazojigeuza, unaongeza kipande kidogo kilichotengenezwa na mtu usiyemjua mahali usipopajua. Kipande hicho tunakiita plagini. Naye alipata plagini moja ya vituo vya basi vya nchi za watu, akaikatakata na kuishonashona mpaka ikawa Kona ya Feri.

Kona ya Feri ilikaa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Walimu wetu wengi wanakaa kisiwani na huja kwa feri, kwa hiyo kila aliyefika kivukoni alibonyeza kwa simu yake: inatembea, foleni, au imekwama. Basi. Lakini Likoni nzima ikaanza kuifungua. Watu ambao hawana mtoto shuleni, hawajawahi hata kupita langoni kwetu, walikuwa na tovuti yetu kwenye simu. Mama yangu ni fundi cherehani hapa Shika Adabu, na wateja wake wa ng'ambo walikuwa wakiangalia Kona ya Feri kwanza ndipo waje kupimwa. Mama akawa anajivunia: hiyo ni ya shule ya mwanangu. Ulikuwa wema wa kweli, na aliufanya yeye bila kuombwa. Simnyimi.

Sasa. Mfumo wa namna ile unahitaji kusasishwa. Waliotengeneza wakigundua tundu ambalo mwizi anaweza kupitia, wanalitengenezea kiraka, nawe unabonyeza kitufe kukipokea. Plagini nazo vivyo hivyo. Kama viraka vinakusubiri, ndani ya ukurasa wa msimamizi hutokea duara jekundu lenye namba. Mwalimu wa Kompyuta alipowasha projekta kutuonyesha tovuti, duara lile lilitokea ukutani kubwa kama sinia. Na namba yake kila muhula ilikuwa imenenepa.

Aliyeuliza safari hii hakuwa mimi. Alikuwa Rehema, mwenyekiti wa chama chetu cha kompyuta, msichana asiyetaniwa na asiyetania, anayevua viatu kabla hajaambiwa. Akauliza ile namba nyekundu ni ya nini na mbona hatuibonyezi.

"Usiguse," Mwalimu akasema. "Inafanya kazi."

Huo ndio ulikuwa msemo wake wa pili, na huo hakuueleza mpaka siku moja stima zilipopotea. Tulikuwa tumekaa gizani na leso zetu, hana cha kufundisha, akaanza kusimulia bila kumtazama mtu. Zamani kidogo alikuwa akisasisha kila kitu, mwanafunzi mwema wa kazi yake. Asubuhi ya mkutano wa wazazi akabonyeza zote kwa pamoja. Tovuti ikawa nyeupe. Mwalimu Mkuu akawasha projekta mbele ya wazazi awaonyeshe maendeleo ya shule, akawaonyesha ukuta. Kisha akasema, kwa kipaza sauti, kwamba labda mwaka ujao shule itafute fundi wa kweli. Wazazi wakacheka. Alitueleza jinsi walivyocheka.

Nilikaribia kumhurumia. Rehema akamnong'oneza jirani yake, si angechukua nakala kwanza pembeni, aijaribu huko? Naye akasikia, akasimama, akatuambia tutoke wote tukavae viatu. Ndivyo alivyokuwa. Kila ulipoona mtu ndani ya yule mtu, alikufungia kufuli juu, katikati na chini.

Balaa lilianzia dukani kwa mama. Mteja wake mmoja alitaka kuangalia kama feri inatembea. Akafungua simu, akafungua tovuti yetu, na badala ya feri akapata gurudumu la kamari linalozunguka na msichana ambaye nguo zake, kama alivyosema mama kwa masikitiko ya kitaalamu, zilihitaji kitambaa zaidi. Mama akanigeukia. "Hii ndiyo shule yako?"

Nikamwambia Rehema. Rehema akamwambia Mwalimu. Mwalimu akafungua tovuti kwenye kompyuta yake na ilikuwa safi kabisa, feri inatembea, bendera inapepea. Akasema wanaoona kamari wanatafuta kamari. Baadaye ndipo tulipokuja kujua kwamba uchafu wa aina ile una akili: ukiingia kama msimamizi, unajificha, ukifungua kama mpita njia, unajitokeza. Yeye kila siku aliingia kama msimamizi. Kwa hiyo Likoni nzima waliona, isipokuwa yeye. Mwisho Mwalimu Mkuu akapigiwa simu na mtu mkubwa, akafungua kwa simu yake mwenyewe akiwa na chai mkononi, na nasikia chai haikumalizika.

Jumatatu, kwenye paredi, shule yote imesimama juani, Mwalimu wa Kompyuta akapewa kipaza sauti. Alieleza kwamba tovuti ya shule imedukuliwa. Akaeleza kwamba mdukuzi hatoki mbali. Halafu akaniita jina, jina langu lote mpaka la babu, na akasema tangu leo mimi nisionekane karibu na maabara. Hakusema aliniona. Hakusema nilifanya nini. Alisema, "Tunajua tabia yake." Kweli, nilikuwa nimewahi kuweka picha ya mbuzi aliyevaa tai kwenye kompyuta zote za mstari wa nyuma, na mbuzi yule alifanana na mtu fulani. Lakini kutoka mbuzi mpaka kamari ni safari ndefu, na mimi sikuwa nimeianza.

Wengine wanaweza kusema, basi ni maabara tu, si jela. Hapana. Nilikuwa kidato cha nne, na somo la kompyuta lina mradi: lazima utengeneze kitu chako, ukikamilishe kwenye mashine za shule, kihesabiwe katika mtihani wa taifa. Bila mradi somo limekufa. Na mradi wangu ulikuwa mle ndani, nyuma ya kufuli tatu, chini ya leso: programu ya kuweka vipimo vya wateja wa mama, ili asiwe anakumbuka kiuno cha kila mtu kwa kichwa. Kufungiwa nje kulimaanisha nipoteze somo pekee ambalo nilikuwa nalifanya bila kulazimishwa. Na jina langu likabaki pale paredini juani, halijaondolewa.

Kila kipindi cha kompyuta nikapelekwa maktaba, nikakaa mbele ya mkutubi aliyeambiwa asiniachie hata simu ya kuangalia saa. Mama mzima yule alikuwa akinitazama huku anafuma. Nikamwambia hata gereza lina mlango wa kuchungulia. Akaniambia nisome.

Mama akaja shuleni. Sikumwomba, na ningejua ningemzuia. Alivaa buibui lake la harusi za watu na viatu vyake vizuri, vile vyeusi vyenye kisigino kidogo. Mimi nilikuwa dirishani maktaba, upande wa pili wa kiwanja, na mlango wa maabara unaonekana kutoka pale kama jukwaa. Nilimwona akifika. Nilimwona Mwalimu akitazama miguu yake. Mama akainama, akavivua, akaviweka ukutani kwenye safu ya viatu vya watoto.

Sikusikia kilichosemwa, nilisimuliwa na Rehema aliyekuwa ndani. Mama alimsalimu vizuri, akamwuliza habari za kazi na za nyumbani, akijibiwa kwa neno moja moja. Viti vilikuwepo. Hakumwambia aketi. Mama akasimama kwenye sakafu ya saruji, miguu mitupu, darasa zima likimtazama vidole.

"Mwalimu," akasema, "mwanangu ana maneno mengi, hilo nalijua, nimemzaa. Lakini hili halijui. Nionyeshe alichofanya, nimpige mwenyewe."

"Ushahidi uko, mama."

"Nionyeshe."

"Ni mambo ya kompyuta. Hutaelewa."

Mama akasema ahsante. Rehema anasema alilisema vizuri, kama mtu anayerudishiwa kitambaa kilichokatwa vibaya. Akatoka, akachuchumaa kuvaa viatu, na kimoja kilimsumbua, akasimama kwa mguu mmoja akijishika ukutani. Mwalimu wa Kompyuta alikuwa mlangoni. Hakunyoosha mkono. Hilo sikusimuliwa. Hilo niliona.

Ndiyo maana nikisikia ati alitupenda, naondoka.

Alibadilisha neno la siri. Akafuta kurasa za kamari moja moja, siku nzima, jasho linamtiririka. Tovuti ikawa safi, akatangaza kwamba tangu nifungiwe nje mambo yametulia. Haikumaliza wiki, gurudumu likarudi. Unajua alifanya nini? Alinunua kufuli ya nne. Wallahi. Mtu asiyejulikana, labda amekaa nchi ambayo hata haina bahari, anaingia kwenye tovuti kwa njia ya mtandao, naye anamwekea kufuli mlangoni.

Ikasafishwa, ikarudi. Kila iliporudi nilihojiwa, na kila nilipohojiwa mkutubi aliitwa, na kila alipoitwa alisema kitu kile kile bila kuacha kufuma: kijana alikuwa mbele yangu, alikuwa anasumbua, lakini alikuwa mbele yangu. Mwalimu akasema labda nina wenzangu.

Rehema ndiye aliyechoka. Alifanya kitu ambacho mtu yeyote angeweza kufanya miaka yote ile: alitafuta plagini ya Kona ya Feri mahali ilipotoka. Akakuta tangazo fupi. Aliyeitengeneza ameiacha, haitengenezi tena, ina tundu linalomruhusu mtu yeyote kupakia faili lake bila neno la siri, na kila anayeitumia aifute. Tangazo lenyewe lilikuwa kuukuu. Kile kitu chake kizuri, ule wema wake wote kwa Likoni, ndio uliokuwa mlango. Wezi waliingia kwa kupitia feri, wakaacha ndani faili la kurudia, na hata ungebadilisha neno la siri kila baada ya sala wangeingia tu.

Alimpelekea Mwalimu, amevua viatu, simu mkononi na tangazo limefunguliwa. Alimwambia kwa adabu ambazo mimi sina. Mwalimu alisoma mpaka mwisho. Rehema anasema uso wake ulibadilika, halafu ukarudi. "Nani amekutuma?" akamwuliza. Kisha akamwambia Kona ya Feri haiguswi, inafanya kazi.

Ikabaki hivyo mpaka kampuni inayotuhifadhia tovuti ikaizima yote, kwa sababu tovuti ilikuwa imeanza kuwatumia watu barua pepe za utapeli. Ukurasa ukawa mweupe tena, safari hii bila yeye kubonyeza. Ikabidi apige simu kuomba, na kijana wa kampuni akamweleza yale yale ya Rehema. Kutoka kwa mtu asiyemjua alikubali. Akafanya kazi, nami nitaisema: alifuta kila kitu, akarudisha nakala ya zamani iliyokuwa kwenye ile flashi ya shingoni, akabonyeza viraka vyote baada ya kuvijaribu pembeni, akatupa plagini zisizo na kazi, akampa kila mtu jina lake na neno lake, na kila anapoingia akawa anatumiwa namba ya kuthibitisha kwenye simu yake. Kona ya Feri aliifuta. Nasikia hiyo aliifuta ya mwisho.

Kwenye paredi akapongezwa. Makofi. Akachukua kipaza sauti akasema adui alikuwa nje, tena mbali sana, na ameshindwa. Nikasimama nikisubiri jina langu. Alilijua lote mpaka la babu. Akarudisha kipaza sauti. Na mimi nikarudi maktaba, kwa sababu marufuku ilitolewa mbele ya shule yote na hakuna aliyeitengua, na tarehe ya mwisho ya miradi ilikuwa inakuja.

Jumamosi moja nilikuwa upande wa kisiwani, nimetumwa na mama vitambaa. Kivukoni kulikuwa kumejaa watu kupita kiasi, na hakuna mtu aliyekuwa anajua kwa nini, maana Kona ya Feri haipo tena. Tulipanga mstari wa ukaguzi, mifuko inafunguliwa. Mbele yangu kidogo nikasikia chwa-chwa-chwa.

Walinzi walikuwa wamemsimamisha pembeni. Mfuko wake ulikuwa umemwagwa mezani: kufuli mpya, waya, bisibisi, na msumeno wa kukatia chuma. Alikuwa amepoteza ufunguo wa kufuli ya nne, nikajua baadaye, anataka kuikata. Lakini mlinzi hakuwa anajua habari ya kufuli ya nne. Alikuwa anamwona mtu anayetokwa jasho, mwenye msumeno na waya, anaelekea kupanda feri na watu.

"Mimi ni mwalimu," alikuwa akisema.

"Kila mtu ni mwalimu," mlinzi akamjibu. "Kitambulisho cha kazi?"

Amekiacha shuleni. Watu wakaanza kumtazama. Mama mmoja akavuta mtoto wake karibu. Mtu nyuma yangu akasema huyo kafanana na wale wale wa mabomu, ndio tabia zao. Naye akainua macho kutafuta uso anaoujua katika umati ule wote, akanipata mimi.

Mlinzi akafuata macho yake. "Kijana. Unamjua huyu?"

Nilichukua muda wangu. Niliuchukua wote. Niliuweka mfuko wa vitambaa chini, nikaupangusa, nikauinua tena.

"Namjua," nikasema. "Ila ushahidi sina."

Mwalimu wa Kompyuta akafumba macho. Alikuwa ameelewa, hilo najua. Mlinzi akauliza sasa hiyo maana yake nini. Ningeweza kuondoka, na si kwamba sikutaka. Lakini nilimwona amesimama pale anatazamwa, hana kiti, na nikamkumbuka mtu mwingine aliyesimama hivyo, na huyo hakunifundisha kuondoka. Nikasema ni mwalimu wetu wa kompyuta, hizo ni kufuli za maabara, ana ugonjwa wa kufuli, shule nzima inajua. Mlinzi akacheka, akaandika jina langu na la shule, akamwachia.

Ndani ya feri akaja akasimama karibu nami. Hakusema ahsante. Alitazama maji.

"Jumatatu njoo umalize mradi," akasema.

"Utasema paredini?"

"Mambo ya paredi yamepita."

"Mama yangu bado amesimama pale, mwalimu."

Feri ikagonga ng'ambo, watu wakatusukuma mbele, tukapotezana.

Jumatatu paredi ikaja ikaisha, hakusema. Kipindi cha kompyuta kikafika, nikaenda. Alikuwa mlangoni, mkono kwenye fremu. Wenzangu walikuwa wameinama, wanavua. Nikapita katikati yao na viatu vyangu miguuni, vyenye vumbi lote la Shika Adabu, mpaka kwenye kizingiti, nikasimama mbele yake nikamtazama machoni. Rehema alikuwa na kiatu kimoja mkononi.

Akatazama miguu yangu.

Kisha akaondoa mkono kwenye fremu.

Nikaingia. Niliacha nyayo kwenye saruji ile iliyong'arishwa, kutoka mlangoni mpaka kwenye mashine yangu, na hakuna aliyezipangusa mpaka kengele. Kompyuta haikupata virusi. Kipindi kilichofuata mwanafunzi mwingine aliingia na viatu, na Mwalimu akamtoa nje mbio.